"Nitajitahidi, sista": kuzungumza na mtu mwenye nia mbili kuhusu pombe

Kuna neno moja ambalo mshauri wa Moshi au Arusha akilisikia inabidi akae sawa kwenye kiti: "Nitajitahidi." Mgonjwa amekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Zamu yake imefika, ameingia, amepewa somo la dakika kumi kuhusu ini na pombe, ameitikia kwa kichwa mwanzo mwisho, kisha akasema, "Nimekuelewa sista, nitajitahidi," akaaga. Kwenye faili likaandikwa: amepewa ushauri nasaha, amekubali.

Hajakubali kitu. Ametoa heshima tu. Huku kwetu mtu mzima habishani na nesi ndani ya ofisi yake, hata kama nesi ni wa umri wa binti yake. Ubishi wake ataufanya akishatoka, na atabishana na nafsi yake, na siku nyingi pombe ndiyo itakayoshinda.

Mbinu tunayoieleza hapa wengine huiita usaili wa kuhamasisha, na walioizoea husema tu MI, kifupi cha Kiingereza cha motivational interviewing. Ilianza na mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, aliyeandika makala ya kwanza mwaka 1983 baada ya kukaa Norway na wanasaikolojia vijana waliokuwa wakimuuliza kila mara: kwa nini umemjibu mgonjwa hivyo na si vile? Baadaye aliungana na mwanasaikolojia mwenzake, Stephen Rollnick, na kitabu chao cha kwanza kikatoka 1991. Ilizaliwa kwenye tiba ya pombe, ikahamia kwenye sigara, dawa za VVU, sukari na presha. Hapa tutabaki kwenye pombe, maana Kilimanjaro ndiyo yenyewe. Mbege, kwa ndizi zake na ulezi na uchungu wa gome la msesewe, imo kwenye mahari, kwenye ubarikio, kwenye msiba na kwenye kikao cha ukoo. Ukimwambia mzee wa Kibosho aache pombe, yeye anasikia kwamba umemtaka awakimbie nusu ya ndugu zake. Si ajabu katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, pale idara ya dharura, mazungumzo mafupi ya wauguzi na watu walioletwa wakiwa na majeraha yakapewa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Punguza. Hilo neno limechaguliwa na mtu anayeijua Moshi.

Nia mbili si ukaidi

Mtu anayekunywa kupita kiasi huwa anajua. Anajua kuhusu ada iliyoishia baa, anajua mke hasemi naye siku ya tatu, anajua mikono inatetemeka asubuhi. Na anajua pia kwamba bila ile glasi ya jioni hana pa kwenda wala wa kuongea naye. Vyote viwili vinamkaa moyoni kwa wakati mmoja, na vyote ni vya kweli. Hii ndiyo nia mbili, na ni hali ya kawaida ya binadamu yeyote aliye karibu kubadilika.

Sasa angalia kinachotokea mshauri akichukua upande mmoja:

"Mbona unaendelea kunywa, baba, na unajua una sukari?"
"Sinywi sana, sista. Ni mbege tu, na ile ni kama chakula."
"Mbege nayo ni pombe."
"Baba yangu alikunywa mpaka anafikisha miaka tisini."

Zimepita kauli nne, na mgonjwa ameshatoa hotuba mbili za kuitetea pombe. Hakuna aliyemtuma azitoe. Mshauri alipokalia kiti cha kubadilika, kilichobaki kilikuwa kile kingine, naye akakikalia. Ubaya ni kwamba mtu huanza kuyaamini anayojisikia akiyasema. Umemfanyisha mazoezi ya kubaki alipo.

Miller na Rollnick wana jina la tabia hii ya mtoa huduma, nasi tunaiita pupa ya kunyoosha: ukiona kitu kimepinda, mkono unakwenda wenyewe. Wenye pupa hiyo zaidi ni wale wenye huruma, na hao ndio huwa wagumu kufundishika, maana hawaoni kosa kwenye kusaidia.

Kwanza ondoa "mbona"

Kabla ya kujifunza maneno mapya, toa haya. "Mbona hukuja tarehe yako?" "Kwa nini hunywi dawa?" Mbona ni neno la mashtaka, na mshtakiwa hujitetea. "Kwa nini" ni laini kidogo, ila nayo ikielekezwa kwenye kosa inaleta visingizio. Inafaa pale unapouliza juu ya kitu chema: "Kwa nini uliona uje leo?" Jibu la swali hilo huwa ni sababu ya kubadilika, na imetoka mdomoni mwake.

Badili pia "lakini". Ukisema, "Unapenda kukaa na wenzako, lakini unaumiza familia," umefuta nusu ya kwanza. Tumia "na", kisha weka upande wa mabadiliko mwishoni, kwa sababu mtu huendelea kutoka pale ulipoishia. "Ile saa moja kilabuni ndiyo inayokupumzisha baada ya shamba, na siku hizi mtoto akikuona unarudi anaingia ndani." Kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tano. Wengi hawafiki tatu, wanatupia swali jingine.

Hapo tumegusa kiungo kikuu cha kazi hii, yaani kumrudishia mtu alichosema. Kuna kurudisha kwepesi, unarudia neno lake: "Umechoka." Kuna kurudisha kwa maana, unasema kile kilichobaki nyuma ya maneno: "Umechoka kuwa mtu wa kutafutwa usiku." Kosa la kawaida kwa Kiswahili liko kwenye sauti. Lugha yetu haibadili mpangilio wa maneno ili kuuliza, kwa hiyo "Umechoka" na "Umechoka?" vinatofautiana kwa sauti peke yake. Ukipandisha mwishoni umeuliza, naye atajibu ndiyo au hapana na kukusubiri. Ukiishusha, umesema, naye ataendelea mwenyewe. Jizoeze kuishusha, hata nyumbani. Na punguza "kwa hiyo unasema kwamba" mwanzoni mwa kila kauli. Ikirudiwa mara tatu inasikika kama mahojiano ya polisi.

Ukikosea maana si hasara. Ukisema, "Unamwogopa mama watoto," atakurekebisha: "Si kumwogopa, namwonea aibu." Aibu ndiyo uliyokuwa unaitafuta, na umeipata kwa kukosea.

Kipimo chake ni hiki: kwa kila swali, kauli moja ya kurudisha ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika, mbili ndizo nzuri, na nusu ya hizo ziwe za maana. Hivyo ndivyo wanavyohesabu wapimaji wa ubora wa MI. Kwenye kliniki zetu mahesabu mara nyingi ni maswali kumi na tano na kurudisha sifuri, na si kosa la mtu mmoja. Tumefundishwa kujaza fomu, na fomu ni maswali.

Nia imo ndani ya kitenzi

Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Ukisikiliza vitenzi tu, utajua mtu yuko wapi.

"Natamani niamke kichwa hakiumi." Hiyo ni hamu. "Kwaresima ya mwaka juzi sikunywa kabisa." Huo ni uwezo, na ni uwezo uliothibitishwa. "Hela ya mbolea yote iliishia pale." Hiyo ni sababu. "Inabidi, hali hii haiendi." Huo ni ulazima. Vyote vinne ni vya maandalizi: mtu anapasha moto injini, gari halijaondoka. Halafu vinakuja vya kuondoka: "nimeamua," "niko tayari," "nitaanza Jumatatu," na hasa "nimeshaanza" au "jana nilipita njia ya juu ili nisipite pale kilabuni."

Kwa kifupi, mtu anasafiri kutoka -nge- kwenda -ta- kwenda -mesha-. Aliyeingia akisema "ningepunguza" na baada ya dakika ishirini anasema "nitapunguza" amesogea. Mtafiti Paul Amrhein na wenzake walichapisha 2003 uchambuzi wa maneno ya watu waliokuwa kwenye tiba ya dawa za kulevya, na wakaona kwamba nguvu ya kauli za kujifunga ikipanda kuelekea mwisho wa mazungumzo, ndiyo inayoashiria kitakachotokea baadaye.

"Nitajitahidi" ina -ta-, na ndiyo maana inadanganya. Kitenzi chenyewe ni cha adabu, kinajifunga kwa juhudi bila kujifunga kwa jambo lolote. Usiipinge na usiishangilie. Iulizie umbo: "Sawa baba. Huko kujitahidi, Ijumaa jioni kutaonekanaje?" Hivyo hivyo kwa "Mungu akipenda" na "inshallah". Wapo washauri wanaoyachukulia kama kukwepa, na wakati mwingine ni imani tu ya mtu. "Na Mungu akipenda, wewe utaanza na lipi?" Swali hilo halimvunjii mtu dini yake, na linamrudishia kazi.

Mtu akitoa neno la mabadiliko, mtego ni kulirukia. Amesema Kwaresima hakunywa, na wewe unapiga makofi: "Safi sana! Basi ukiweza siku arobaini unaweza maisha yote." Hapo anarudi nyuma mara moja: "Eh, ile ilikuwa Kwaresima." Badala yake chimba palepale. Siku zile jioni ulikuwa unakwenda wapi? Wenzako walipokuita uliwajibu nini? Wiki ya kwanza na ya nne zilitofautianaje? Nini kingine ulikiona nyumbani? Hiyo "nini kingine" ndiyo jembe. Wengi wanauliza mara moja wakati ardhi nzuri iko chini kwenye pigo la tatu.

Na kumsifu kuwe kwa kitu alichokifanya. "Hongera" ni nyepesi, kila mtu anaigawa. "Umeamka saa kumi usiku ukatoka Rombo, na ulijua utaulizwa habari za pombe, na umekuja." Hiyo mtu anaibeba.

Njiti kumi

Swali la kipimo cha 0 hadi 10 liko kwenye mafunzo yote: kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako sasa, na una uhakika gani kwamba ukiamua utaweza? Kwa kijana muongoza watalii wa Arusha namba zinatosha. Kwa mzee ambaye shule aliiacha zamani, namba hewani hazina uzito. Toa njiti kumi za kiberiti uziweke mezani. (Vifuniko vya chupa pia hufanya kazi, ila vya bia usitumie, hatutaki kumkumbusha.)

"Mzee, tuseme njiti zote kumi ni mtu aliyeona kupunguza pombe ni jambo kubwa kuliko yote kwake. Bila njiti hata moja ni mtu asiyejali. Wewe nisogezee zako."

Anasogeza nne. Swali linalofuata ndilo linalofanya kazi, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Ukiuliza, "Kwa nini nne na si nane?" umemwomba orodha ya sababu za kutobadilika, naye atakupa. Uliza kwa kushuka: "Ungeweza kuweka moja, au usiweke kabisa. Hizi nne umezitoa wapi?" Gusa njiti ya kwanza kwa kidole na usubiri. Mara nyingi ataieleza moja moja: hii ni ya mjukuu, hii ya mguu unaokufa ganzi, hii ya shamba. Kila njiti imepata jina, na majina ameyatoa yeye.

Akikataa kuweka hata moja, usimbembeleze. "Ingetokea nini mpaka uweke moja?" Jibu likiwa "labda nilazwe," umejua mpaka wake ulipo, na hicho ni kitu cha kuandika.

Rudia kwa uhakika. Umuhimu mkubwa na uhakika mdogo ni mtu tofauti kabisa na umuhimu mdogo na uhakika mkubwa. Wa kwanza anajua sababu zote na ameshindwa mara tano. Ukimwongezea sababu unamwongezea aibu, kwa hiyo mpeleke kwenye siku alizowahi kuweza, hata kama ni tatu. Wa pili, "nikitaka kuacha naacha kesho," usimpime ubavu. Bado hajaona la kuachia.

Taarifa zitoe kwa kuomba

Watu husikia kwamba MI ni kutouliza na kutofundisha. Si kweli. Unatoa taarifa, ila katikati ya maswali mawili. Unaanza na anachokijua, unaomba ruhusa, unatoa jambo moja, kisha unauliza yeye analionaje.

"Mzee, kuhusu pombe na hizi dawa zako za sukari, umeshasikia nini?"
"Nasikia haviendani."
"Ni kweli. Naomba nikuongezee moja, ukiruhusu."
"Sema."
"Pombe inalizuia ini kutoa akiba yake ya sukari. Mtu wa glibenclamide akinywa jioni bila kula, sukari inaweza kushuka usiku akiwa amelala, na walio nyumbani wakadhani amelewa tu. Wewe unalionaje hilo?"

Ruhusa ina uzito wa pekee pale ambapo mshauri ana miaka 26 na mgonjwa ana 60. Ukishamwamkia shikamoo, huwezi tena kumfokea. Bahati nzuri adabu na mbinu vinakwenda pamoja hapa: "uamuzi ni wako, mzee" ni heshima kwa mila zetu, na ni nguzo ya MI. Iseme na uimaanishe, maana ndiyo hali halisi. Atakapofika njia panda ya kilabuni hutakuwa naye.

Kiasi nacho kinahitaji uangalifu, maana "kidogo tu" si kipimo. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, la kupima unywaji wa mtu, lina maswali 10 na alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 kuna unywaji wa hatari, na 20 kwenda juu inaashiria uwezekano wa utegemezi. Kinywaji kimoja hapo ni gramu 10 za kilevi. Chupa ya bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili. Chupa ndogo ya ml 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina gramu 55 hivi, zaidi ya vinywaji vitano, na kuna watu wanaiita "kamoja". Mbege haina asilimia moja, inategemea mpishi na siku iliyokaa, kwa hiyo uliza chombo na muda: vikombe vingapi, vya ukubwa gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Gongo ndiyo kabisa, hakuna ajuaye kilichomo. Matokeo yakipatikana, yatoe kama vipimo vya presha, bila sura ya hakimu.

Karatasi ya faida na hasara, iache mezani

Kuna zoezi maarufu: chora mstari katikati, huku faida za kunywa, huku hasara. Limefundishwa sana, nasi tunaona limepitwa. Miller na Gary Rose waliandika 2015, baada ya kupitia tafiti, kwamba kwa mtu ambaye bado ana nia mbili, zoezi hilo huelekea kupunguza dhamira ya kubadilika. Inaeleweka: umemkalisha na kumwandikisha faida za pombe kwa mkono wake. Karatasi hiyo inafaa pale unapotaka kubaki katikati kwa makusudi, kama mtu anaamua kumtolea ndugu figo au kufunga uzazi. Huko mshauri hana haki ya kuvuta upande wowote.

Akikugeuzia kibao

"Wewe sista hunywi, utajuaje?" Hiyo haihusu tena pombe, inakuhusu wewe, na dawa yake ni tofauti. Usijieleze vyeti. "Ni kweli, maisha yako siyajui, wewe ndiye unayeyajua. Nimekwenda haraka, eh?" Kukiri kunafungua mlango haraka kuliko chochote. Dalili nyingine ni ndogo: anaangalia simu, anajibu neno moja, anasema "sawa" kabla hujamaliza. Ukiona "sawa" tatu mfululizo, umeanza kuhubiri. Simama.

Kisha kuna mke, au mama mzazi, au shemeji aliyemleta. Anaingia naye na anajibu maswali yote. Usimfukuze, yeye ndiye aliyelipa nauli, na ana uchungu wa miaka. Mpe dakika zake mwanzoni, halafu: "Mama, naomba niongee na baba peke yake dakika kumi na tano, kisha nikuite." Akirudi usimuulize kosa gani lilitokea wiki hii; atalieleza, na baba atafunga. Muulize ni siku gani mwezi huu aliona nafuu, na siku hiyo ilikuwaje.

Hatari ya "naacha leo leo"

Hapa ndipo mbinu nzuri inaweza kuua mtu. Umefanya kazi safi, mgonjwa amechangamka, anasema kuanzia leo hata tone. Kabla hujafurahi, uliza: anazimua asubuhi, yaani anakunywa ili kuondoa uchovu wa jana? Mikono inatetemeka mpaka anywe? Ameshawahi kuanguka kama mwenye kifafa alipokaa siku bila pombe, au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni? Kama ndiyo, asiache ghafla akiwa nyumbani. Kuanguka huko hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho, na kuweweseka kwa homa na jasho huja siku ya pili hadi ya nne. Mtu hufa kwa arosto ya pombe, yaani mwili ukiikosa ghafla. Huyo anahitaji daktari, dawa za kumtuliza na vitamini B1, na awe chini ya uangalizi. Soba hausi, yaani nyumba ya wanaoacha ulevi, ikiwa haina mtu wa afya si mahali pa siku hizo za kwanza.

Kwa asiye na dalili hizo, mpango uwe mdogo na uwe wake. Usiuharakishe, subiri usikie -ta- mbili tatu na maswali ya namna "sasa nikianza inakuwaje?" Kisha fupisha alichosema, kwa maneno yake, na uulize: "Sasa baada ya yote hayo, unafikiria kufanya nini?" Halafu ingia kwenye siku mbaya. Huku siku mbaya zinajulikana kwa kalenda: mwisho wa mwezi, harusi, na Desemba yote kuanzia ndugu wanapoanza kupanda kutoka Dar. Muulize yeye sentensi atakayoitumia akipewa kikombe. Wengine wanachagua "niko kwenye dozi," wengine wanamweka binamu mmoja anayejua siri akae karibu, wengine wanafika baada ya chakula na kuondoka mapema. Usimtungie. Sentensi uliyomtungia ataisahau getini.

Mtu aliyeingia akiwa ameshaamua usimrudishe kwenye njiti. Ukianza kumchimba sababu upya utamchosha, na unaweza hata kumyumbisha. Mpeleke moja kwa moja kwenye mpango.

Kuhusu muda, watu husema, "Foleni ndefu, nani ana saa nzima?" Kwenye Project MATCH, utafiti mkubwa wa tiba ya pombe wa Marekani, iliyotoa matokeo 1997 ikiwa na washiriki 1,726, tiba iliyojengwa juu ya mbinu hii kwa vikao 4 ilikwenda karibu sawa na tiba nyingine mbili za vikao 12. Si muujiza, na kwa mwenye utegemezi mkubwa haitoshi peke yake. Ila dakika kumi na tano zenye kauli kumi za kurudisha ni bora kuliko saa nzima ya somo.

Na semina ya siku mbili haitoshi. Miller na wenzake walilipima hilo na kuandika 2004: waliohudhuria semina tu, ujuzi ulififia ndani ya miezi michache. Waliopata mrejesho na mwalimu wa kuwasikiliza waliendelea. Nafuu ya bei rahisi: omba ruhusa ya mgonjwa kwa maandishi, rekodi dakika kumi kwa simu ya kituo, sikiliza na mwenzako mmoja mlango umefungwa, chora mstari kwa kila swali na duara kwa kila kauli ya kurudisha, kisha futa rekodi. Mara ya kwanza utaona mistari mingi sana.

Mwisho, faili. Usiandike "amekubali." Andika sentensi yake yenye uzito zaidi, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, na tarehe: "Nataka mjukuu akiniona asikimbie. Nitaanza kwa kutopita kilabuni siku za soko." Akirudi Januari, na Desemba ikawa imempiga, nesi wa zamu asiulize mbona. Afungue ukurasa huo, amsomee, ashushe sauti, na asubiri.